Mkate wa soda wa Ireland ukitoka mgumu kama tofali

Pole dada, umesema mkate wako wa soda wa Ireland umetoka mzito, katikati mbichi, na uliukanda dakika 10 kama wa hamira. Hapo ndo tatizo, huu mkate haukandwi kabisa! Unaumuliwa na beking soda ikikutana na ukali wa mtindi, na ile gesi inaanza kutoka palepale ukishamimina, sasa ukikanda unga unavutika kama mpira na gesi inaishia mezani kabla haujafika kwenye oveni.

Washa oveni kwanza, digrii 220, ndo uchanganye. Unga wa ngano gramu 450, ule wa kawaida, wa mikate uache maana ngano ya Ireland yenyewe ni laini na ndo maana soda iliwafaa tangu karne ya 19. Soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa (ukizidisha utasikia ladha ya sabuni), chumvi kijiko kimoja cha chai, mtindi mililita 350 hadi 400. Tanua vidole, zungusha mara chache tu, ukishashikana acha hata kama unanatanata.

Ufanye duara, kata msalaba kwa kisu, uzame haswa, hapo ndo joto linapita kufika katikati. Dakika 15, kisha shusha 200, dakika 25 hadi 30 tena. Ugeuze ugonge chini kwa vidole, ukilia kama ngoma umeiva. Mtindi huna? Weka ndimu kwenye maziwa, subiri dakika 10. Ukitoka ufunge na kitambaa safi, ganda litalainika, na ule leoleo na siagi, kesho unakauka.