Santuri, sidii na sebule ya Lamu

Ndugu yangu, umeandika kwamba sauti ya dijitali hukatwa vipande, hivyo santuri pekee ndiyo yenye sauti kamili. Sivyo. Sidii huhifadhi sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa kila sekunde, na zinaporudishwa kuwa umeme, wimbi linalotoka ni nyororo, lisilo na ngazi, likibeba mitetemo hadi kiasi cha 20,000 kwa sekunde, ambao ndio ukomo wa sikio la kijana (letu sisi wazee halifiki huko). Ule utamu mzito wa santuri upo kweli, ila hutokana na sindano, mfereji inamopita na mashine yenyewe, umeongezwa. Hapa Lamu mimi husikiliza taarabu ya santuri kila alasiri, na kwanza hulazimika kuipangusa sindano kwa burashi laini, kwani vumbi la chokaa lidondokalo ukutani huganda nchani na sauti ya udi, ile ala ya nyuzi, ikaanza kukwaruza. Kabla hujanunua mashine nyingine, tandika zulia na utundike pazia zito: sebule zetu ndefu na nyembamba, zenye kuta tupu za mawe ya matumbawe, huiharibu sauti kwa mwangwi kuliko sidii inavyoweza kuiharibu.