Kampuni ipi ilimfaa mgeni wa intaneti ya kupiga simu? Jibu langu kutoka Columbus, Ohio

Mwanzisha uzi ameuliza, baada ya kusikia kwamba AOL, kampuni ya Marekani, ilizima huduma yake ya intaneti ya kupiga simu (ile iliyopita kwenye laini ya simu ya kawaida) tarehe 30 Septemba 2025, kama ni kweli kampuni hiyo ndiyo iliyowafaa zaidi watu wasiojua kompyuta, au sifa hiyo ilitokana na wingi wa matangazo yake. Wawili walionitangulia wamejibu kwa mkato: mmoja anasema AOL haikuwa na mpinzani, mwingine anasema kila aliyeanzia huko alichelewa kujifunza. Mimi niliishi Columbus, Ohio, kuanzia mwaka 1996 hadi 2004, na katika miaka hiyo niliwaunganishia intaneti jamaa wengi wa Afrika Mashariki, wengine wakiwa hawajawahi kushika kipanya. Naona nyote wawili mnapima wepesi kwa siku ya kwanza. Mimi nimezoea kuupima kwa siku ambayo mambo yamekataa, na nikiupima hivyo majibu yangu yanabadilika.

Siku ya kwanza AOL inastahili sifa zake zote. CD zake zilikuja kwa posta na ndani ya magazeti, na ukienda dukani unazikuta kwenye kaunta. Unaiweka kwenye kompyuta, unaandika namba na nenosiri vilivyochapishwa kwenye karatasi yake, unachagua namba ya simu ya mji wako katika orodha, basi, modemu, kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na laini ya simu, inapiga yenyewe. Hakuna mahali ulipoulizwa anwani ya seva. Picha tatu zinawaka moja baada ya nyingine, kisha sauti ya mwanamume inakukaribisha na kukuambia kama una barua. Akaunti moja iliruhusu majina matano, kwa hiyo baba, mama na watoto walikuwa na anwani zao mbalimbali, na mzazi aliweza kumwekea mtoto mipaka bila kununua programu nyingine. Kwa mtu aliyetoka kazi ya usiku, mwenye nusu saa tu ya kujaribu kabla ya kulala, hilo halikuwa jambo dogo.

Kampuni za kawaida wakati huo zilimdai mteja kazi nyingi. Kwenye Windows 95 ilikubidi uiongeze mwenyewe itifaki ya TCP/IP (lugha ambayo kompyuta hutumia kwenye intaneti), utengeneze muunganisho, uingie kwenye aina ya seva na kuondoa alama kwenye NetBEUI na IPX, itifaki nyingine zisizohitajika, kisha ujaze namba za seva ya majina (kompyuta inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), tarakimu kwa tarakimu, kutoka kwenye karatasi uliyopewa. Ukikosea tarakimu moja katika namba hizo, modemu hupiga simu kama kawaida, unasikia mluzi na ule mkwaruzo wake, kompyuta inasema umeunganishwa, lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Hii ndiyo hitilafu iliyowakatisha tamaa wageni kuliko zote, kwa sababu kila kitu kilionekana kizima.

Suala la bei limeguswa juu juu katika uzi huu. Hadi mwishoni mwa mwaka 1996 AOL ilitoza dola 9.95 kwa saa 5 za mwezi, na kila saa iliyozidi ilikuwa dola 2.95. Mgeni ndiye aliyeumia zaidi na mpango huo, maana yeye husoma polepole na hutafuta kila kitufe. Desemba 1996 ikaja bei moja ya dola 19.95 bila kikomo cha saa, na kwa kuwa simu za ndani ya mji Marekani kwa kawaida hazikuhesabiwa kwa dakika, mtu aliweza kukaa jioni nzima bila hofu. Sisi tuliotoka nyumbani, ambako kila dakika ya simu ililipiwa juu ya ada ya kampuni ya intaneti, tulihitaji wiki kadhaa kuacha mazoea ya kuandika barua yote kwanza, kuunganisha, kutuma na kukata. Lakini bei hiyo hiyo ndiyo iliyoleta msongamano mkubwa wa Januari 1997. Watu wakawa hawakati, modemu hazikutosha, na waliopiga walipata mlio wa simu inayotumika usiku kucha, hadi wanasheria wakuu wa majimbo mengi wakaingilia kati na AOL ikakubali kuwarudishia wateja fedha. Hapo wepesi wa programu haukumsaidia mtu ambaye simu yake haikupokelewa.

Sasa niwaeleze kisa kilichonifanya nibadili ushauri wangu. Mama mmoja wa Tanga, aliyekuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alijiunga mapema mwaka 1998 na kampuni kubwa yenye programu yake maalumu. Si AOL, na jina lake naliacha. Katika orodha ya namba alichagua ile iliyokuwa juu kabisa, ikiwa na msimbo wa eneo uleule wa simu yake, naye akaamini ni ya mjini. Haikuwa ya mjini. Kampuni ya simu iliihesabu kuwa ya masafa, na mwisho wa mwezi ikaja bili ya dola 140 juu ya kawaida yake. Aliponiita nilikuta bili imekunjwa mara nne chini ya kibodi.

Tulipiga simu ya msaada. Tulisubiri karibu dakika 40, na kijana aliyepokea, kwa adabu kabisa, akatusomea hatua za kubadili namba, kisha akasema, "Sasa jaribuni kuunganisha." Nyumba ile ilikuwa na laini moja. Tusingeweza kuunganisha bila kumkata yeye, na tukimkata na jaribio likishindwa, tunarudi mwisho wa foleni. Jaribio likashindwa. Siku ile ndipo nilipotambua kwamba tatizo lenyewe la intaneti ya kupiga simu lilikuwa hapo: njia ya kuomba msaada na kitu kilichoharibika vilikuwa waya mmoja.

Mwezi uliofuata nilimhamishia kwenye kampuni ndogo ya mjini, yenye ofisi ghorofani juu ya duka la mazulia, kwa dola 18. Fundi wao alinipa karatasi yenye namba zote, akazipigia mstari zile ambazo kwa simu ya mama yule hazingetozwa, na akasema jambo ambalo sikulisikia kwa kampuni nyingine: "Mkikwama, nipigieni, kisha mkate mjaribu. Baada ya dakika tano nitawapigia mimi." Alifanya hivyo mara mbili jioni ile. Mara ya pili aligundua kwamba muunganisho ulikatika kwa sababu mama alikuwa na huduma ya simu ya pili kusubiri, na kila jamaa akipiga, ule mlio mfupi unaikata modemu. Dawa yake ni kuweka *70 kabla ya namba, ikifuatiwa na koma. Fundi alimtuliza mama akaandika mwenyewe, akimweleza kwamba nyota sabini inazima huduma ile kwa simu hiyo moja tu, na koma inaiambia modemu itulie kidogo kabla ya kuendelea kupiga. Mama aliyaandika maelezo hayo kwa Kiswahili pembeni mwa karatasi.

Kwangu mimi, huo ndio wepesi unaomfaa anayeanza. Kati ya kampuni kubwa, iliyokaribia hapo kwa kadiri nilivyoona ni MindSpring ya Atlanta, iliyoanzishwa na Charles Brewer mwaka 1994, ambayo ilisifika kwa mafundi waliojibu simu kwa subira. Mwaka 2000 iliungana na EarthLink.

Za bure nazipitia haraka. NetZero, iliyoanza mwaka 1998, ilikupa muunganisho kwa malipo ya kuvumilia ubao wa matangazo usiofungika, na baadaye saa za bure zikawa 10 kwa mwezi. Iliwafaa waliotaka kuonja. Juno ya mwaka 1996 ilikuwa na jambo zuri zaidi: barua pepe tu, unaziandika ukiwa nje ya laini, kisha inapiga kwa muda mfupi na kukata. Kwa wazee waliotaka kuwaandikia watoto wao na si zaidi, sikuwahi kuwashauri kitu kingine.

Ipo hoja nyingine kuhusu AOL ambayo anayeisifu hakuigusa, nayo ni ugumu wa kutoka. Barua zako zilisomwa ndani ya programu yao. Katika miaka hiyo huwezi kuzivuta kwa programu ya kawaida ya barua. Toleo la 5.0 la mwaka 1999 lilipelekwa mahakamani kwa madai kwamba lilibadili mipangilio ya kompyuta kiasi cha kuzuia muunganisho wa kampuni nyingine. Anayeanza ndiye asiyejua kurudisha mipangilio hiyo.

Hata hivyo sikubaliani na anayezipamba kampuni ndogo kupita kiasi. Ilikuwa kawaida yao kuwa na modemu moja kwa kila wateja kumi hivi, na saa mbili usiku ungeweza kupiga mara sita. Kabla ya kiwango cha V.90 kukubaliwa mwaka 1998, kulikuwa na aina mbili za modemu za 56K (kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde) zisizoelewana, X2 na K56flex, na kampuni ndogo mara nyingi ilikuwa na moja tu. Ukinunua ile nyingine unabaki na kasi ya 33.6K. Zaidi ya yote, nyingi ziliuzwa au kufungwa, na anwani ya barua ikafa pamoja nazo. Ndiyo maana kila niliyemuunganisha nilimfungulia na Hotmail, barua pepe isiyotegemea kampuni ya intaneti. Kwa dereva wa lori au mwanafunzi anayehama kila mwaka, namba za AOL zilizoenea nchi nzima zilikuwa na thamani ambayo hakuna fundi wa ghorofani aliyeweza kuitoa, na watu hao niliwaelekeza AOL bila kusita.

Kwa hiyo, mwanzisha uzi, sifa ile haikuwa matangazo matupu. Ila kwa mtu anayekaa mahali pamoja, mwenye laini moja na asiye na kijana wa kompyuta ndani ya nyumba, ningemchagulia tena kampuni ndogo inayopiga simu yenyewe.

Mwaka 2000 kampuni ile ndogo ya mjini ilibadili namba zake na kuwatumia wateja barua. Nilimpigia mama yule Jumamosi nikidhani ningehitaji kwenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namba nimeshaibadili. Nilitaka kukuuliza tu, ile koma baada ya nyota sabini ibaki au itoke?"

Nikamwambia ibaki.