Nilitibu maiti kwa laki moja na tisini

Mara ya tatu fundi aliponikabidhi laptopu yangu, tumbo la mashine lilikuwa bado lina joto. "Dada, safari hii imepona kabisa," akasema. Na kweli iliwaka palepale mezani kwake, ikaleta picha, nikafungua faili la mteja nikaliona lote. Nikalipa shilingi 50,000, nikapanda bajaji kutoka Mwanjelwa mpaka Iyunga, hapahapa Mbeya, kwenye kisteshenari changu, nikaendelea kuchapa. Siku ya tisa ikazima. Taa ya chaji inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii.

Awamu ya kwanza nilikuwa nimelipa 80,000, ya pili 60,000. Piga hesabu mwenyewe. Laptopu niliyokuja kununua baadaye, iliyotumika lakini safi, niliichukua kwa 420,000. Yaani karibu nusu ya bei yake nilikuwa nimeshaizika kwenye mashine iliyokufa siku ya kwanza.

Iliuawa na umeme. Ulikatika jioni, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa kishindo mpaka taa ya dukani ikang'aa kama mchana. Nilikuwa katikati ya ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya kijana mmoja wa chuo, kesho yake asubuhi anatakiwa kuikabidhi. Sikuwa na stabilaiza. Sasa ninayo, na ukiingia dukani kwangu usiichomoe uchaji simu.

Kosa langu ni kwamba nilipofika kwa fundi nilianza na "itakuwa shilingi ngapi?" Hata sikuuliza kimekufa nini. Naye akaona huyu mama ana haraka, akataja bei.

Alichokuwa anafanya kinaitwa kupuliza. Chipu kubwa za kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani ya laptopu) zimekaa juu ya vijipira vya risasi ya kuchomelea, vidogo kuliko punje ya ulezi, mamia yake. Ukizipuliza kwa hewa ya moto, mguso ulioachana unaweza kushikana tena, mashine ikawaka, mteja akafurahi. Lakini mara nyingi ugonjwa umo ndani ya chipu yenyewe, na lile joto linaizindua tu kwa muda. Ukianza kuitumia inapata moto, inapoa, inapata moto, inapoa, halafu inarudi ilikotoka. Kwa hiyo ukisikia "tutaipuliza", uliza swali moja: ikizima ndani ya mwezi, narudishiwa hela au unanipulizia tena? Mimi nilipulizwa tena.

Sitaki uondoke hapa ukidhani bodi haitengenezeki. Baadaye nilielekezwa kwa kijana mwingine, upande wa Kabwe, kibanda chenyewe hakizidi upana wa milango miwili. Huyo hakugusa mashine ya hewa. Alishika mita ya kupimia umeme, akaanza kugusa pointi moja baada ya nyingine huku akinionyesha namba. Kuna kapasita ndogo kabisa za njia ya umeme, vipande vya kushikilia chaji kidogo. Moja ikipiga shoti, laptopu nzima inagoma, na kuibadilisha si kazi ya kutisha kwa anayejua. Angekuta shida ni hiyo, ningelipa kidogo nikaenda zangu. Lakini alipofika kwenye ile chipu iliyopulizwa mara tatu, alinyamaza, akaifunika laptopu. "Dada, hii usinipe hela yako." Tangu siku hiyo ndiye fundi wangu, kwa sababu ya pesa aliyokataa kuichukua.

Kesi ya pili ni kinyume chake. Mdogo wangu ni mwalimu huko Njombe. Alinipigia kwamba laptopu yake ya miaka sita imekwisha, inachukua dakika kumi kuwaka, na ameshaongea na watu wa mkopo anunue mpya. Nikamwambia usisaini kitu, ije kwanza. Ikaja na basi. Kijana wa Kabwe alipoifungua, kwenye feni mlikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, lile vumbi letu la kiangazi, jekundu. Na diski ilikuwa ile ya zamani ya kuzunguka. Akasafisha, akaweka pasta mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa (chipu kuu), akatoa diski akaweka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ya GB 256, akaongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kutoka GB 4 kwenda 8, akapiga windo upya. Gharama yote, pamoja na mkono wake, ilikuwa 165,000. Inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Mwalimu ule mkopo akauacha.

Mashine zote mbili mtaani tungesema "imekufa". Ndiyo maana mimi siku hizi naanza na kiungo gani kimeumia. Diski, RAM, betri, kibodi, feni, chaja, hivi ni kama tairi za gari, vinaisha na vinabadilishwa. (RAM angalia kwanza: laptopu nyingi nyembamba imechomelewa kwenye bodi, huongezi kitu.) Kioo na bawaba ni vya kupima, kwa sababu kioo peke yake kinaweza kula theluthi ya thamani ya mashine. Bodi ikiungua, mimi nakaribia kuaga, isipokuwa mtu wa mita aniambie vingine.

Kabla hujapanda bajaji kwenda kwa fundi, kuna mambo ya kufanya ukiwa nyumbani, na hayana gharama. Azima chaja nyingine. Volti zifanane na zilizoandikwa kwenye yako, nyingi ni 19 au 19.5, na ampea zisiwe pungufu. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie nusu dakika, kisha rudisha chaja ujaribu. Ikiwaka bila picha, chukua waya wa HDMI uichomeke kwenye TV ya sebuleni. TV ikileta picha, bodi yako kwa kawaida ni nzima, tatizo mara nyingi liko kwenye kioo au waya wake, na yeyote atakayekutajia kupuliza umuage kwaheri. Na ukiona padi ya kipanya imeinuka, au laptopu haifungi vizuri kama zamani, betri imevimba. Hiyo usiichaji, usiibonyeze irudi, acha kabisa kuitumia mpaka itolewe.

Bei sasa. Kipimo changu ni nusu, na nusu yenyewe naipima kwa bei ya laptopu kama hiyohiyo ikiwa imetumika, si bei yake ya dukani ilipokuwa mpya. Watu wengi hujidanganya hapo: "niliinunua milioni na laki mbili, laki tatu ya matengenezo si nyingi." Milioni ilishaondoka. Leo inauzwa 400,000. Ukiitengeneza kwa laki tatu, umenunua mashine mbovu kwa karibu bei ya nzima. Na hela ya matengenezo yaliyopita usiiingize kwenye hesabu. Mimi awamu ya tatu nilijiambia "nimeshatoa laki na arobaini, nitaiachaje?" Ndivyo hamsini ya mwisho ilivyoondoka.

Ukiamua kununua, siku hizi kuna jambo la kuangalia ambalo zamani hatukulijali. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu. Soma jina la prosesa: i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ukikuta i5-6200U au i5-7200U kwa bei tamu, ujue utamu unatoka wapi. Kwa kuchapa barua na kudurufu bado zitakufaa, ila zisilipiwe kama ndugu zao wa kizazi cha nane. Mwambie pia muuzaji akufungulie programu ya kuonyesha afya ya diski, na uchomoe chaja uone betri inakaaje wakati unaongea naye. Akikuharakisha, vaa sweta lako uondoke.

Na faili zako? Diski ya laptopu yangu ilikuwa nzima muda wote. Kijana wa Kabwe aliitoa, akaiunga na waya wa USB kwenye mashine nyingine, ndani ya saa moja nikawa na kila kitu kwenye flashi, ikiwemo ile ripoti ya mwanafunzi, ambaye kwa wakati huo alishaichapisha kwingine na hanisalimii vizuri mpaka leo. Ningeitoa ile diski siku ya kwanza.

Gamba lililobaki lilinunuliwa spea kwa 55,000, diski nikabaki nayo. Wiki iliyopita mteja aliingia dukani na laptopu nyingine kabisa, nikaona kwenye kona ya kioo mkwaruzo wa pete ya mwanangu. Kinaonyesha vizuri tu.