Je, dawa ya saikosisi ndiyo inayomfanya mdogo wangu abeti?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Mwaka jana alianza kusikia sauti na kuamini kuwa majirani wanamfuatilia. Akalazwa, tukaambiwa ni saikosisi, akaanzishiwa aripiprazoli. Sauti zimekwisha, tunamshukuru Mungu. Lakini sasa anabeti usiku na mchana kwenye simu. Ameuza kompyuta yake na ana madeni ambayo hata hatuyajui yote. Nimeona video ya mtu anayejiita daktari akisema kidonge hicho ndicho kinachowatia vijana uraibu wa kamari, tukiache mara moja na tumpe virutubisho vya kusafisha ubongo. Wiki iliyopita alikaa siku tatu bila dawa na kweli alipunguza kubeti. Tuendelee hivyo? – Dada mtu

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hapana, msiendelee hivyo. Mpigie leo hii daktari aliyemwandikia dawa, umweleze yote mawili, kamari na zile siku tatu. Mpaka aseme vingine, mdogo wako abaki kwenye dozi yake.

Swali la namna hii naletewa mara kwa mara, na karibu kila anayelileta ameshapitia kwa mtu wa video. Angekuwa anasema uongo mtupu ningepumua, maana uongo mtupu huumbuka upesi. Huyu ana kipande cha ukweli, na kwa kipande hicho anauzia makopo yake ya virutubisho.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba aripiprazoli inaweza kumletea mtu hamu asiyoweza kuizuia: ya kucheza kamari, kula, kununua vitu au ngono. Katika ripoti 184 walizozipata tangu dawa ianze kutumika, 164 zilihusu kamari. Wengi wa watu hao hawakuwa na tabia hiyo kabla, na hamu iliisha ndani ya siku au wiki chache baada ya dozi kupunguzwa au dawa kusimamishwa. Sababu inayodhaniwa ni hii. Dawa nyingi za saikosisi huziba vipokezi vya dopamini, kemikali ya ubongo inayopeleka ujumbe. Aripiprazoli huvikalia vipokezi hivyo na kuviwasha kidogo, vikiwemo vile vinavyohusika na hamu na matarajio ya zawadi. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, wanaotumia dawa za kuamsha dopamini nao hupatwa na jambo hilohilo.

Kwa hiyo daktari akikwambia "dawa haihusiani na kamari" bila hata kuuliza, na yeye mkatalie kwa adabu. Lakini soma tena hizo namba. Ni ripoti 184 za miaka mingi, kwa dawa iliyoandikiwa mamilioni ya watu. Inawezekana ni dawa, na inawezekana si dawa. Hilo huchunguzwa, halikisiwi.

Sasa tuje kwenye hizo siku tatu, maana ndizo zilizokushawishi. Aripiprazoli hutoka mwilini polepole sana: huchukua saa 75 hivi kupungua kwa nusu tu. Siku ya tatu bila kidonge mdogo wako bado alikuwa na karibu nusu ya dawa yake mwilini. Kama angekuwa anachomwa sindano ya mwezi, ingekaa muda mrefu zaidi. Huwezi kuipima dawa hii kwa siku tatu. Kijana hubeti kidogo wiki fulani kwa sababu nyingi: salio limeisha, hakuna mechi, dada amekaa naye chumba kimoja akimtazama. Nakuomba utafakari hiyo ya mwisho hasa.

Uchunguzi wa kweli huanza na tarehe. Mwombe, kwa ridhaa yake, mtoe taarifa ya miamala ya simu au benki ya miezi 18. Kaeni naye mezani na kalamu, mpigie mstari kila pesa iliyokwenda kwenye kampuni za kubeti, kisha pembeni mwandike lini sauti zilianza, lini alilazwa, lini alianza dawa, lini dozi iliongezwa. Angalieni na saa. Mtu anayetuma kiasi kidogokidogo mara kumi na moja kati ya saa nane na saa kumi usiku, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, huyo anajaribu kurudisha alichopoteza, na karatasi itaonyesha hivyo hata kama mdomo utakana. Kama mistari inaanza wiki chache baada ya dawa au baada ya dozi kupanda, daktari ana sababu nzito ya kupunguza dozi au kumhamishia dawa nyingine, kwa kupishanisha, ya zamani ikipungua na mpya ikipanda, huku mmoja wenu akiangalia dalili. Kama mistari ilikuwepo mwaka mzima kabla ya kulazwa, kubadili dawa peke yake hakutamponya.

Mara nyingi ninachokiona kwenye karatasi hizo ni mchanganyiko, kwa sababu ugonjwa wenyewe unafungua mlango. Saikosisi hupenda kuanza kati ya miaka ya mwisho ya utineja na katikati ya miaka ya ishirini, umri uleule ambao watu huanza kubeti. Dopamini ikivurugika, vitu vya kawaida vinaonekana vimebeba ujumbe: namba ya gari, rangi ya jezi, dakika ya goli. Watafiti wameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watu wenye fikra za uwongo, kama hiyo ya majirani, hufikia uamuzi kwa ushahidi mdogo kuliko wengine. Mpe mtu wa namna hiyo mkeka, yaani orodha ya mechi alizobetia, uliochanika kwa mechi moja tu, atausoma kama dalili kwamba yuko karibu. Halafu sauti zikinyamaza hubaki utupu: marafiki wameondoka, masomo yamekatika, usingizi hauna ratiba, na simu ndiyo kitu pekee kinachomsisimua.

Wazee wa familia watasema ni kukosa nidhamu. Mabingwa wa magonjwa ya akili Marekani waliihamishia kamari kwenye kundi la uraibu mwaka 2013, pamoja na pombe na dawa za kulevya, na Shirika la Afya Duniani nalo linaiweka humo. Sitarudia mjadala huo.

Kukatisha dawa ghafla ndiko kunakonikosesha usingizi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia watu waliopona baada ya kuugua mara ya kwanza: walioacha dawa walikuwa na hatari ya kuugua tena karibu mara tano ya walioendelea. Na ugonjwa hauna haraka. Wiki ya kwanza kijana yuko mchangamfu, familia inashangilia, video inapata maoni ya kuisifu. Miezi miwili au mitatu baadaye anarudishwa hospitali, safari hii na madeni juu, na hakuna anayekumbuka kuunganisha na kile kidonge. Mtu wa video hayupo wodini siku hiyo.

Msipomtibu kamari mkisubiri kwanza "akili itulie" mnakosea vilevile. Madeni huleta hofu na kukesha, na hivyo viwili huwarudisha watu kwenye ugonjwa. Mkamuulize daktari kuhusu tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya kamari, inayoweza kwenda sambamba na matibabu ya saikosisi. Dawa iitwayo naltreksoni husaidia baadhi, kwa uamuzi wa daktari. Nyumbani, kubalianeni naye, na nasema naye, kwamba mshahara au posho ipite kwa mtu anayemwamini na apewe matumizi ya siku. Ajifungie mwenyewe akaunti za kubeti kwa utaratibu wa kampuni husika. Msimlipie madeni kimyakimya. Orodha yote iwekwe wazi kwanza, ikiwemo mikopo ya kwenye simu. Na msimnyang'anye simu. Simu hiyohiyo ndiyo atakayowapigia siku akizidiwa.

Muulizeni pia waziwazi kama amewahi kufikiria kufa. Kamari na saikosisi kila kimoja kinaongeza hatari ya kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Akisema ndiyo, au sauti zikirudi, msisubiri miadi.

Kwa wahudumu wenzangu wanaosoma: kuna maswali mawili ya kubaini tatizo la kamari, yamekuwepo tangu 1997. Umewahi kuhisi lazima uongeze kiasi unachobeti? Umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Yanachukua nusu dakika. Wagonjwa hawatuambii kwa sababu hatuulizi, na wakijua hatuulizi wanakwenda kwa anayeuliza, ambaye ndiye huyo mwenye makopo. Hakuna kopo linalosafisha ubongo. Baadhi ya mitishamba inayochanganywa humo huingiliana na dawa za akili, na lebo haisemi.

Kuna kundi jingine linalowanyemelea vijana hawa ambalo sijui kwa nini halisemwi: wauza mikeka ya uhakika. Mbinu yao ni ya zamani. Wanatuma utabiri tofauti kwa makundi tofauti ya watu, na kundi lililopata matokeo sahihi ndilo linaloombwa pesa wiki inayofuata. Kijana mzima hupoteza hela na kujifunza. Kijana aliyetoka juzi kwenye imani kwamba kuna watu wanaopanga mambo kwa siri anapata mtu anayemthibitishia kwamba naam, wapo, na matokeo wanayo. Nimeona dalili zikirudi kupitia kundi la namna hiyo kwa mgonjwa ambaye hakuwahi kuruka kidonge hata kimoja. Mkikaa na ile taarifa ya miamala, tafuteni na majina ya watu binafsi waliotumiwa pesa siku za mechi, si kampuni peke yake, na karatasi hiyo mwende nayo kwa daktari.