Ndugu Wawili, Rangi Mbili

Safu hii hujibu barua za wasomaji. Majina ya walioandika yamehifadhiwa.

SWALI

Assalamu alaykum, Bi Mshauri. Mimi ni mkaazi wa Malindi na mama wa watoto wawili. Baba yao ni Mwitaliano ambaye hukaa nasi tangu Novemba hadi Machi, na masika yakikaribia hurudi kwao. Mimi mwenyewe ni mtoto wa baba Mbarawa na mama Mgiriama. Mwanangu wa kwanza, mvulana wa miaka tisa, ni maji ya kunde na nywele zake ni za kipilipili. Mdogo wake, msichana wa miaka sita, ni mweupe, ana nywele za singa na macho ya rangi ya asali. Popote tuendapo, sifa ni za msichana. Watoto wa mtaani humwamkia kwa "Ciao!", wanawake humshika nywele pasipo kuuliza, na kaka yake husimama kando akitazama. Kuna hoteli moja ya ufuoni ambako mlinzi alimpitisha binti akamzuia kaka yake, akidhani ni mtoto wa kuuza vikuku.

Harusini mwezi uliopita mpiga picha alitaka kumpiga bibi harusi na "yule mzungu mdogo" peke yake, na aliyemshika mkono mwanangu akamsogeza pembeni ni mama yangu mzazi. Wiki iliyofuata nilimkuta mvulana bafuni akijisugua shingo kwa dodoki mpaka ngozi imechubuka. Dada yangu amenishauri nimpake mafuta ya kung'arisha, kidogo tu, ili asione uchungu. Na kuna jirani anayenong'ona kwamba huenda watoto hawa si wa baba mmoja. Nifanyeje?

Mama wa Wawili, Malindi

JIBU

Waalaykum salaam, Mama. Nianze na mafuta, kwa kuwa hilo haliwezi kungoja: usimpake, wala usikubali apakwe kwa siri. Mengi ya mafuta hayo, hasa yale ya mkorogo yanayouzwa katika vikopo visivyo na maelezo, huwa na zebaki au haidrokwinoni, na vipodozi vyenye kemikali hizo vilipigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1998. Zebaki hupenya ngozi ikaingia damuni, ikadhuru figo na neva, na mwili wa mtoto hauistahimili hata kwa kiasi kidogo. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Hata kama mafuta hayo yangekuwa salama kama maziwa ya mama, bado yangemthibitishia mtoto lile analolishuku, kwamba ana kasoro na nyumba nzima inaijua.

Huyo jirani, mjibu mara moja kisha umwache. Rangi ya ngozi haibebwi na chembe moja ya urithi bali na nyingi, na kila mtoto huchota fungu lake upya kutoka kwa baba na kwa mama, hivyo ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana sana, hasa pale ambapo mama mwenyewe amechanganya damu kama ulivyo wewe. Aina ya nywele ina chembe zake nyingine kabisa, ndiyo maana tunaona watoto weupe wenye nywele za kipilipili na weusi wenye nywele za singa. Kama jirani ni mtu wa dini, mkumbushe hadithi iliyopokewa na wanazuoni Bukhari na Muslim, ya bwana mmoja wa kabila la Bani Fazara aliyemwendea Mtume kulalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume alimuuliza kuhusu ngamia wake, ni wa rangi gani. Akajibu kuwa ni wekundu. Akaulizwa kama hamna hata mmoja wa kijivu. Akakiri kuwa wamo. Wametoka wapi, basi? Huenda ni asili iliyowavuta, alisema yule bwana, na Mtume akamwambia kuwa huenda mwanawe naye amevutwa na asili. Ikiwa hilo halimtoshi jirani, basi hatafuti jawabu.

Nije sasa kwenye jambo lenyewe. Uliandika kwamba mwanao ni maji ya kunde, nami nimelisoma neno hilo mara mbili, kwa sababu katika nyumba nyingine ya hapo hapo Malindi, kwa rangi hiyo hiyo, huenda angesifiwa na mashangazi. Anaonekana mweusi kwa kuwa anasimama karibu na dada yake. Watu wanapomsifu msichana mbele yake hawasemi kwamba yeye ni mbaya, nao wangekasirika ukiwashtaki kwa hilo. Lakini mtoto wa miaka tisa anajua kupima. Sifa ikitolewa kwa mmoja kila siku na kwa sababu ile ile, aliyenyimwa huitafuta sababu mwilini mwake, na huyu ameitafuta kwa dodoki.

Watoto huanza kuipokea mizani hii wakiwa wadogo kuliko tunavyodhani. Huko Marekani, katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, waliwapa watoto weusi wa miaka mitatu hadi saba wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi ni mzuri na yupi anaonekana mbaya. Wengi wao walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, na baadhi walipoulizwa ni mwanasesere yupi anayefanana nao walitaabika mno. Utafiti huo ulikuwa miongoni mwa uliotajwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi wa rangi mashuleni. Kule kulikuwa na sheria za kuwatenga watu weusi. Sisi hatuna sheria hizo, tena Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa rangi yake. Mlinzi wa lango la hoteli ameajiriwa chini ya Katiba hiyo hiyo, nawe una haki ya kumwandikia meneja wake barua na kudai mwanao aombwe radhi. Ningekuwa wewe, ningeiandika nikiwa na mwanangu mezani, aione ikiandikwa.

Kuhusu mama yako, usimkosoe mbele ya watu, wala usimtumie maneno kupitia kwa dada yako, ambaye kwa jambo hili si mjumbe mwema. Nenda kwake peke yako, wakati ametulia, umsimulie habari ya dodoki pasipo kumlaumu. Nadhani hajui. Mwanamke Mgiriama wa umri wake amekulia Malindi ambamo rangi yake mwenyewe haikuwahi kusifiwa hadharani, na mjukuu mweupe amemletea heshima ambayo huenda hakuipata akiwa msichana. Anapomsogeza mvulana pembeni, anamsogeza mtoto anayefanana naye. Usimwambie hivyo, maana litamuumiza, ila likumbuke unapozungumza naye ili sauti yako isipande. Muombe jambo moja tu analoweza kulitenda: wageni wanapomsifu mdogo, yeye awe wa kwanza kumtaja mkubwa kwa sifa yake ya kweli. Bibi akishalisema, wengine hufuata. (Wapiga picha wa harusi zetu wana kesi yao, nao nitawarudia siku nyingine.)

Mvulana mwenyewe usimlaghai. Ukimwambia kwamba watu hawaoni tofauti, atajua unasema uongo, kwani yeye aliiona mbele ya kamera. Mwambie kwamba alichokiona ni kweli, kwamba watu wengi wamefundishwa kuipenda rangi nyeupe, na kwamba waliofundishwa hivyo wamekosea. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuelewa kuwa watu wazima hukosea. Kisha mpe habari za asili yake. Mwaka 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba, yaani zile chembe za urithi, vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili kati ya karibu mwaka 1250 na 1800, wakiwemo wa Mtwapa, na wa Manda na Faza huko Lamu. Ilidhihirika kwamba asili yao ya upande wa kike ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na ya upande wa kiume ilitoka kwa sehemu kubwa Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Mwanao, basi, si kioja. Watoto wa baba kutoka ng'ambo na mama wa hapa wamezaliwa pwani hii kwa takribani miaka elfu, na Waitaliano waliofika kwa ajili ya kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni katika miaka ya 1960, na watalii waliowafuata, ni wageni wa jana tu. La kusikitisha ni kwamba kwa karne zote hizo tumezoea kumhesabu babu aliyekuja kwa jahazi na kumsahau nyanya aliyempokea, ilhali nyanya huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Baba yao naye asiachwe nje. Usingoje arudi Novemba, bali mpigie simu, umweleze yote, halafu azungumze na mwanawe bila dada yake kuwapo. Mtoto anayehisi kwamba hakufanana na baba anahitaji kuambiwa na baba mwenyewe kwamba ni wake, na kuonyeshwa walichofanana: umbo la vidole, mwendo, namna ya kucheka. Na barazani wanaposema kuwa ni dada yake tu aliye mtoto wa Mzungu, sauti ya baba simuni ina uzito kuliko hotuba zako na zangu.

Nimemwacha binti mwisho, ingawa si kwa kuwa yeye yuko salama. Kila anayemshika nywele bila idhini anamfundisha kwamba mwili wake ni wa watu wote, na hilo kwa mtoto wa kike katika mji wa watalii ni funzo la hatari. Mfundishe kusema "sitaki kushikwa," nawe usimame nyuma yake hata kama anayeshika ni mke wa ami yako. Jina la mzungu nalo likomeshwe nyumbani. Kwa Katiba yetu, mtoto wa mama Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, lakini anayeitwa mzungu tangu asubuhi hadi usiku hukua akijiona mgeni katika ua wa bibi yake. Mtafutie sifa zisizo za rangi, na uzitaje kaka yake akiwapo: kwamba amehifadhi sura mpya madrasani, kwamba alimgawia mwenzake mkate. Ukiacha kumsifu kwa uzuri kabisa, atadhani amekosa. Msifu kwa uzuri pia, ila siku hiyo hiyo kaka yake naye asikie lake.

SWALI

Bi Mshauri, mimi ni kijana wa Lamu wa miaka 27, na nyumbani wananitafutia mchumba. Kuna binti wa mtaa wa Langoni tuliyesoma naye madrasa, mwenye heshima, tena ana kazi yake ya kushona. Tatizo ni kwamba mama anasema ni mweusi na watoto watatoka weusi. Marafiki zangu nao wananishauri nitafute Mzungu ili nipate pointi, yaani watoto chotara, kwa kuwa pointi ni wazuri. Nikubali ushauri upi?

Mwana wa Lamu

JIBU

Mwanangu, watoto hawaagizwi. Ungemwoa mwanamke mweupe kuliko wote wa Lamu, bado usingejua mtoto atachota nini, na hata yule anayezaliwa mweupe mara nyingi hukolea rangi katika wiki na miezi ya mwanzo, ndiyo maana wakunga wetu hutazama masikio kabla ya kusema neno. Tena usidhani kwamba weupe ni mali ya wageni. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017, uliofanywa kwa watu zaidi ya 1,500 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ulionyesha kuwa vinasaba vya ngozi nyeupe na vya ngozi nyeusi, vyote viwili, vimekuwamo barani Afrika tangu zama za kale mno.

Soma barua iliyotangulia, kisha ujiulize utafanyaje siku utakapopata mtoto asiyetoka kama ulivyotaka. Wapo wanawake wa Malindi na Watamu wanaolea pointi peke yao, mababa wakiwa wameshapanda ndege, na uzuri wa mtoto haujawahi kulipa karo. Kwa upande wa baba, kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kuwa wajibu wa kulea ni wa wazazi wote wawili, wameoana au hawakuoana. Marafiki zako hawakulitaja hilo.

Mama yako mheshimu, lakini kwa hili usimtii kwa kunyamaza. Bukhari amepokea kwamba Abu Dharr alipomtusi mtu kwa ajili ya mama yake, ambaye hakuwa Mwarabu, Mtume alimwambia kuwa ndani yake bado mna ujahiliya, yaani ujinga wa kabla ya Uislamu, na Abu Dharr alikuwa swahaba. Mama atalielewa hilo likisemwa na mkubwa wake kuliko likisemwa na wewe, kwa hivyo mtumie ami yako. Na kwa kuwa ami atakuwa ameshavaa kanzu, mwombe apitilize hadi Langoni apeleke posa, maana binti mwenye heshima na cherehani yake hakai sana.