Kwa Unayeanza Utafiti wa Adapta: Tafuta Nani Kamshika Nani

Wengi wanaoanza kusoma ishara za chembe sahani (zile zinazogandisha damu) na seli za kinga huanzia kwenye mchoro wa mishale: kipokezi juu, kalsiamu chini, na katikati majina ya protini ziitwazo adapta, kama LAT, SLP-76, Gads na ADAP. Mchoro ule unatosha kwa mtihani. Maabarani unapotosha, kwa kuwa mshale humfanya msomaji adhani kila jina linalisukuma linalofuata. Adapta haisukumi kitu. Si kimeng'enya, haikati chochote wala haipachiki fosfeti popote. Kazi yake yote ni kushika na kushikwa. Kwa hiyo ukikutana na adapta, jiulize inamshika nani, kwa sehemu ipi ya mwili wake, wakati gani, na iko wapi ndani ya seli inapofanya hivyo.

Anza na sehemu zenyewe za kushikia. Domeni ya SH2 hushika tairosini, moja ya asidi amino za protini, iliyokwisha kupachikwa fosfeti. Domeni ya SH3 hushika kipande chenye prolini (asidi amino nyingine) nyingi, na yenyewe haisubiri fosfeti. Ukizielewa hizi mbili, nusu ya makala utakazopewa zitasomeka. Tazama SLP-76 ya binadamu, yenye asidi amino 533. Mwanzoni ina tairosini tatu, ya 113, 128 na 145, zinazoshika protini za Vav na Nck na vimeng'enya vya jamii ya Tec. Katikati ina kipande cha prolini ambacho Gads hukishika kwa SH3 yake. Mwishoni ina SH2 inayoishika ADAP. Gads nayo, kwa SH2 yake, huishika LAT, na LAT imechomekwa kwenye utando. Kwa mnyororo huo kimeng'enya PLCγ hufikishwa karibu na lipidi za utando inazopaswa kuzikata. Ikizikata hutoka molekuli ndogo ya ishara, IP3, na IP3 hufungua ghala la kalsiamu. Ndani ya seli iliyotulia kalsiamu ni kama nanomola 100, nje ya seli inazidi milimola 1. Pengo ni la mara elfu kumi hivi, ndiyo maana mlango ukifunguka kidogo tu seli nzima inabadilika.

Kabla ya hayo yote lazima kuwe na anayepachika fosfeti. Kwenye seli T ni Lck, kisha ZAP-70. Kwenye chembe sahani iliyogusa kolajeni kupitia kipokezi chake cha GPVI, ni Fyn na Lyn, kisha Syk. PLCγ1 ndiyo inayotegemewa na seli T. Chembe sahani hutumia zaidi PLCγ2. Seli B zina adapta BLNK mahali ambapo jirani zao wana SLP-76. Usikariri orodha hii siku moja, itakuingia yenyewe ukiwa unafanya kazi. Unachopaswa kukwepa ni tabia ya kuchukua matokeo ya seli T na kuyahamishia kwenye chembe sahani kana kwamba vifaa ni vilevile.

Panya waliokosa jeni hizi wanalionyesha hilo vizuri kuliko maelezo yoyote. SLP-76 ilielezwa mwaka 1995 na LAT mwaka 1998, zote zikitafutwa kwa ajili ya seli T. Panya wasio na LAT hawatengenezi seli T. Chembe sahani zao, hata hivyo, bado zinaitika kolajeni kwa kiasi, hasa dozi ikiwa kubwa. Ukiondoa SLP-76, seli T hazipatikani na jibu la GPVI huanguka vibaya. Ukiondoa Gads, ambayo mchoro unasema ndiyo inayoziunganisha LAT na SLP-76, chembe sahani hazidhuriki sana. Maana yake SLP-76 ina njia nyingine ya kufika kwenye utando. Mchoro wa mishale haukuambii hivyo.

Hao panya wa SLP-76 walileta na jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta: mishipa yao ya limfu ilijaa damu. Baadaye ikaeleweka kwamba chembe sahani, kupitia kipokezi CLEC-2 kinachoigusa protini podoplanini ya mishipa ya limfu, ndizo zinazosaidia kuitenga mifumo hiyo miwili. Mimi humpa kila mgeni habari hii wiki ya kwanza, maana wanaokuja wakiwa na hamu ya kinga hudharau chembe sahani kwa kuwa hazina kiini.

Kisa cha LAT Y136F nacho usikiruke. Hapo LAT ipo, ila tairosini moja tu, ile inayoshika PLCγ1, imebadilishwa. Ungetarajia panya dhaifu kinga. Ripoti za mwaka 2002 zilionyesha kinyume: seli T zinazaliana bila breki, zinaegemea upande wa Th2 (aina ya seli T inayohusika na mzio), na IgE, kingamwili ya mzio, inapanda sana. Kukosekana kwa adapta na kuharibika kwa sehemu yake moja ni mambo mawili tofauti, na jaribio la kufuta jeni peke yake haliwezi kukujibu la pili.

Sasa maabarani, ambako wengi hukwama. LAT imepachikwa asidi ya mafuta na hukaa kwenye maeneo ya utando yasiyoyeyuka kirahisi katika sabuni ya maabara Triton X-100 ya baridi. Ukivunja seli kwa Triton, ukazungusha kwenye sentrifuji na kutupa mashapo, huenda umeitupa LAT yenyewe, kisha ukaandika kwamba haipo au haijashikana na yeyote. Jaribu sabuni nyingine, lauril maltosidi, na angalau mara moja pima mashapo pia. Vanadeti unayoweka ili fosfeti zisiondolewe lazima iandaliwe: rekebisha pH hadi 10, chemsha mpaka rangi ipotee, rudia mpaka itulie. Ya njano usiitumie.

Kwenye bloti (picha ya protini zilizotenganishwa kwa ukubwa) ya chembe sahani utaona mstari mnene kati ya kilodalton 70 na 80, na utatamani kuuita SLP-76. Syk ina 72, SLP-76 ina 76. Bila kuinasa mojawapo kwa kingamwili yake kwanza, huo mstari hauna jina. LAT ni rahisi zaidi, huwa kwenye 36 hadi 38, kati ya mnyororo mzito wa kingamwili ulio kwenye 50 na mwepesi ulio kwenye 25.

Maandalizi ya damu yana makosa yake. Usizipoze chembe sahani kwenye barafu. Baridi peke yake hubadilisha umbo lao. Mtoa damu asiwe ametumia aspirini siku kumi hivi zilizopita. Unapovuta plazima, acha tabaka la juu ya seli nyeupe lilivyo, hata kama inauma kupoteza ujazo: seli hizo zimejaa LAT na SLP-76, na chache tu zinatosha kukudanganya. Kisha kuna marudio. Chembe sahani iliyoamshwa hutoa ADP na thromboksani zinazoiamsha upya, na kipokezi cha integrini αIIbβ3 kikishashika fibrinojeni nacho huanzisha fosfeti kwenye SLP-76. Kama unataka kujua kilichotoka kwa GPVI yenyewe, zuia marudio hayo kwa apirase, indometasini na eptifibatidi, na chukua sampuli ndani ya sekunde, siyo dakika tano baadaye.

Kwa kuwa chembe sahani haina kiini, huwezi kuipa jeni mpya ukasubiri protini. Watu huhamia kwenye seli za Jurkat, seli T za saratani zinazokuzwa maabarani: J14 haina SLP-76, JCaM2 haina LAT, na ndani yake unaweza kurudisha protini nzima au iliyobadilishwa. Ni nyenzo nzuri ya kujua kipande kipi kinamshika nani. Ukitaka kudai hivyo ndivyo ilivyo kwenye chembe sahani, nenda kwa panya au kwa megakariosaiti, seli inayozaa chembe sahani.

Na usisahau upande wa breki. Kimeng'enya HPK1 hupachika fosfeti kwenye asidi amino nyingine, serini ya 376 ya SLP-76, protini za 14-3-3 huja kushika hapo, na ishara inapungua. Bloti yako ya tairosini haitaonyesha lolote kati ya hayo. Kwa serini hiyo agiza kingamwili yake mahususi.