Yule Mwanamume wa Penseli, Nani Alimchora?

SWALI: Mzee wetu, nina kinyozi hapa Kondele, Kisumu, na runinga ukutani. Kila nikiweka video ya "Take On Me", wimbo wa bendi ya A-ha, mteja mmoja anaanza ubishi. Anasema yule mwanamume anayegeuka mchoro alitengenezwa na kompyuta. Mimi nasema ni mkono wa mtu. Tumewekeana soda. Halafu, ni kweli wimbo huo ulidoda mwanzoni? – Kinyozi, Kondele

JIBU: Mwanangu, soda ni yako. Nimechora mabango ya maduka na ubavu wa matatu mjini humu miaka mingi, kwa hiyo swali lako nimelipokea kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani kwake.

Steve Barron ndiye aliyeongoza video hiyo, na penseli walishika Michael Patterson na Candace Reckinger. Kwanza waigizaji walipigwa filamu ya kawaida. Kisha picha moja moja ikamulikwa kwa taa, na mchoraji akafuatisha umbo analoliona. Wenyewe huiita rotoskopi. Max Fleischer wa Marekani aliipatia hataza 1917, kabla hata babu yangu hajaona umeme. Zilichorwa picha kama 3,000 kwa wiki 16. Piga hesabu: karibu 27 kila siku, Jumapili bila kupumzika. Mimi bango moja la bucha lilinichukua siku mbili, na mwenye bucha akalalamika ng'ombe anafanana na mbuzi.

Sasa mwambie mteja wako aangalie mistari. Haitulii hata mtu akiwa amesimama tu. Niliwahi kubandika picha ya mpwa wangu kwenye kioo cha dirisha, jua likipiga kwa nyuma, nikaifuatisha mara nane kwenye karatasi nane. Nilipozipeperusha kwa kidole gumba, kijana aliyesimama wima akawa anatetemeka kama ana malaria. Picha ni ileile, mkono ni uleule, lakini mkono haurudii mstari. Hao wa A-ha wangeweza kuona ni dosari. Wakaiacha, na mimi naona hapo ndipo utamu ulipo.

Siku hizi simu ya elfu kumi inakugeuza katuni ukiwa kitini unanyolewa, kwa hiyo mteja wako usimcheke sana. Ila video ni ya 1985.

Kuhusu kudoda, ni kweli. Vijana hao watatu wa Norway waliutoa wimbo 1984, Uingereza ikaupuuza. Video ya kwanza iliwaonyesha wakiimba tu mbele ya ukuta wa buluu, basi. Wimbo ukarekodiwa upya na mtayarishaji Alan Tarney, na ilipokuja video ya penseli, Oktoba 1985 ukashika namba moja Marekani. Mwaka uliofuata MTV, runinga ya muziki ya Marekani, wakaipa video tuzo sita. Sauti ya mwimbaji wao Morten Harket ikipanda pale mwisho wa kiitikio ni kitu cha ajabu, lakini sauti hiyo ilikuwepo hata 1984.

Jioni mteja akija, simamisha video pale wanapoangaliana kupitia ile fremu: upande mmoja mtu wa nyama, upande wa pili mtu wa penseli. Mwache atazame kwanza. Nywele umnyoe baadaye, soda ikishafika.